Msitume Ripoti Hiyo

Mtaa wa Sants,
Barcelona.
9 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Remei,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako limeanza kukunjika baada ya upasuaji? Sisi tu wazima, na Baba amerudi kwaya tangu kikohozi kimwachie.

Nakuandikia habari za mwanao Oriol, kabla hazijakufikia huko Rosario zikiwa zimepinda.

Unajua tunafanya kazi ofisi moja: tunaiga kwa kompyuta ile gesi yenye joto kushinda jua, itakayofungiwa kwa sumaku ndani ya tanuri. Hesabu tunaikata vipande maelfu, kompyuta nyingi zinagawana, na kila kipande kinaanza mara tu kile kinachopaswa kukitangulia kinapokwisha. Ila lazima uiambie mashine kipi kinasubiri kipi.

Jumatatu, ripoti ikiwa inatumwa kesho yake kwa wajenzi wa tanuri, nilirudia hesabu ileile. Jibu likawa jingine. Kufuatilia, nikafika sehemu aliyoandika Oriol: alisahau kuagiza kwamba chembe za gesi zisisogezwe kabla nguvu ya sumaku haijakokotolewa. Mara nyingi mambo yalijipanga yenyewe kwa bahati; mara nyingine chembe zilitangulia, zikatumia namba za zamani.

Nikamwita pembeni.

"Binamu, usiniharibie," akanong'ona. "Wiki hii wanachagua nani apewe ajira ya kudumu. Tofauti yenyewe kiduchu, nani ataiona?"

"Ukuta wa tanuri utaiona."

"Haya, nenda kanichongee basi!" Akachukua koti lake, akaondoka.

Kesho yake mkutanoni kiti chake kilikuwa kitupu. Mkuu wetu, Daktari Queralt, alishauliza kama kuna mwenye neno. Naanza kuinua mkono, mara mlango ukafunguliwa. Oriol. Ndevu hazijanyolewa, na hakuketi.

"Msitume ripoti hiyo. Ina kosa, na kosa ni langu."

"Leo ndiyo unasema?"

"Jana niliogopa, Daktari."

Ripoti haikutumwa.

Tulirekebisha, tukarudia. Joto linalopiga ukuta likatoka kubwa kuliko tulivyodhani, na sasa ukuta unachorwa upya. Ajira amepewa mwingine. Mkataba wa Oriol unakwisha Juni.

Anaona haya kukupigia simu, anadhani amekuangusha. Mpigie wewe, Shangazi. Usimpe pole, mpe hongera.

Nisalimie Mjomba Feliu na dada Meritxell. Mungu akuongezee afya na akulinde ugenini.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Mireia