Mnyororo wa Baiskeli Kwenye Kalamu Yako

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mtoto wenu Bonge, bado anakua kwa upana tu au amekumbuka na urefu? Kile kikohozi chako cha baridi kimekuachia? Sisi huku hatujambo. Mguu wangu unauma mvua ikitaka kunyesha, lakini kazini nafika na kurudi, namshukuru Mungu.

Kalamu yako ililetwa salama na yule nesi rafiki yenu. Nilimpa Baba aitazame kama ulivyoagiza, kisha niifungie hadi utakapokuja kuichukua, uiweke pamoja na zile nyingine unazokusanya. Sikujua kalamu ya wino inaweza kuwa nzuri hivyo. Nyekundu na manjano, imechorwa kama mabango ya zamani ya matangazo, na yule mama juu ya baiskeli, sketi inapepea, meno yote nje. Ulisema kweli, ni kama kazi ya Baba mwenyewe enzi zile akichora mabango.

Unajua alivyokuwa tangu karakana yao ifungwe. Anakula, anasali, anageukia ukutani. Basi siku hiyo aliigeuzageuza kalamu dirishani, akaomba miwani. Akasema, "Baiskeli haina mnyororo. Huyu mama anakwenda kwa maombi?"

Nilicheka, nikaenda kuanua nguo. Niliporudi alikuwa mezani. Amekata nywele chache za brashi yake ya kunyolea, amezifunga kwenye kijiti cha kiberiti, na kile kikopo cha rangi nyeusi tuliyopaka geti kiko wazi. Mnyororo ulikuwa umeshachorwa.

Niliweka nguo kitini. Shemeji yako ndiye aliyesema, "Mzee, umeharibu mali ya mwanao."

Baba hata hakuinua kichwa. "Nimeharibu nini? Nimempa usafiri."

Kwao karakanani ndivyo walivyofanya. Aliyeona kosa kwenye bango la mwenzake alilirekebisha hapo hapo, bila kuuliza na bila kuweka sahihi, na mwenzake hakununa. Kwa Baba, aliyechora kalamu hiyo ni mwenzake wa kazi tu.

Nisikufiche, mnyororo umepinda kidogo karibu na gurudumu la nyuma, maana mkono unatetemeka. Niliipeleka kwa fundi saa, akaichungulia kwa lenzi yake. Anasema rangi hiyo inafutika bila kugusa ya chini, lakini ikiachwa hivyo, hakuna mkusanyaji mwenzako atakayeitaka. Nikamwambia asiiguse kwanza.

Tatizo ni kwamba Baba hajamaliza. Kwenye kifuniko kuna mlima na barabara, naye anasema barabara ile itammwaga yule mama bondeni. Siku hizi ukuta ameusahau. Anaamka, ananyoa ndevu kwa hicho kibrashi kilichobaki, anakaa mezani na kuuliza kalamu iko wapi. Nimeificha chini ya mashuka. Namwambia, "Subiri Baba, tunamngoja mwenyewe." Anasema, "Mwenyewe si mwanangu?" Hapo huwa naenda jikoni. Kumdanganya siwezi, na kumpa bila ruhusa yako naona ni wizi mbele za Mungu.

Sikukupigia simu kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani sebuleni wanakuambia pole.

Ukisema ifutwe, itafutwa, na nitamweleza Baba mimi mwenyewe. Ukisema aendelee, nitamtafutia rangi nzuri, si hii ya geti. Sitakulaumu kwa lolote, najua ulivyoisubiri kalamu hiyo.

Msalimie sana wifi, na Bonge umbusu. Shangazi ukimwona, mwambie shali lake nalivaa kila ibada. Shemeji yako anakusalimu. Baba naye anakusalimu, anasema aliyechora kalamu hiyo rangi anazijua, ila baiskeli hajawahi kupanda.

Mungu akutangulie kazini na akurudishe nyumbani mzima.

Tafadhali nijibu mapema, uniambie nimpe au nisimpe.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda bila kupungua.