Kompyuta Mpya Inayosaga Meno

Alhamisi, Kalangalala. Upepo umekuja na vumbi tangu asubuhi, na mimi nimeamka na hasira nzuri, ile ya kufanyia kazi.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa: mimi ni Bibi Kabula. Shule sikuingia hata kuchungulia. Ninaongea, simu inaandika, mkamwana wangu Mama Kabula anaweka nukta na koma. Maneno makali ni yangu, asilaumiwe yeye.

Habari ya leo ni kompyuta. Mpya, ya mezani, tumeinunua Shinyanga mjini kwa Karim, ambaye baba yake ndiye aliyeniuzia cherehani nilipoolewa. Mama Kabula anaifanyia kazi mbili pale dukani kwetu: anawawekea vijana wa machimboni nyimbo kwenye flashi, na anatengeneza video za harusi. Hii ya pili ndiyo roho yake. Mwanangu, mumewe, alipofariki, ndugu za Mama Kabula walimwita arudi kwao Kahama. Akakataa, akasema hapa ana kazi. Wanaume wa kamera wakamcheka. Majuzi akapata harusi yake ya kwanza, ya watu wa kule Bulyanhulu, akaipiga video mwenyewe tangu kanisani hadi keki.

Jana kompyuta ikaanza kulia. Krrr, krrr, inanyamaza, halafu krrr tena, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nikazima muziki nisikie vizuri. Ikaendelea.

"Mama, ni hadi diski," akasema Mama Kabula. Hiyo ndiyo inayohifadhi kila kitu humo ndani. "Inakufa."

Nikamwambia basi aichukue ile harusi kwenye kadi za kamera, tujue moja. Akatazama chini. Kadi alishazifuta, maana Jumapili alikuwa na kipaimara cha watu.

Kwa hiyo harusi nzima ya watu ilikuwa mle ndani tu, kwenye boksi linalosaga meno.

"Ikipotea hii, Mama, mimi narudi Kahama. Sitaweza kupita mji huu."

Usiku ule hakula. Mimi nilikula, maana mtu mmoja lazima awe na nguvu.

Leo asubuhi nimemkuta na bisibisi mkononi anataka kufungua boksi. Nikampokonya. Nimeendesha mashine ya kusaga mahindi miaka mingi, najua mkono wenye woga unavyovunja kitu ambacho hakijavunjika. Nikamwambia, kwanza tutoe mali ya watu, ndipo tumpasue mgonjwa.

Kutoa kunataka diski ya nje, na sisi hatuna. Ng'ambo ya barabara anayo Baba Shija, mpiga picha, mmoja wa wale waliomcheka. Mama Kabula akasema heri afe. Nikajifunga khanga nikaenda mwenyewe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Harusi ya mkamwana iko kwenye kompyuta inayosaga meno. Nipe diski yako ya nje."

"Ee, Mama! Umeacha kusaga mahindi, sasa unasaga harusi za watu?"

"Nasaga na wanaocheka. Lete."

Akacheka mpaka akakohoa, lakini aliileta, tena akaja nayo mwenyewe akatuonyesha mahali pa kuichomeka. Wabeja, asante kwa Kisukuma chetu, Baba Shija. Mdomo wako mbaya, mkono wako mzuri.

Kunakili kulikula mchana wote. Kila ikisema krrr, Mama Kabula anafumba macho. Nilifunga mlango wa duka, mteja wa nyimbo akagonga, nikamfukuza kwa upole wangu, wanaonijua wanaujua.

Niliogopa. Nasema hapa kwa sababu pale sikuonyesha.

Ilipokwisha, sikukubali kuamini maandishi ya kwenye kioo. Nikamwambia Mama Kabula aende na ile diski kwa Baba Shija, waifungue kwenye kompyuta yake. Aliporudi, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Bibi harusi yupo. Keki ipo. Hata mjomba aliyelewa yupo.

Hapo ndipo nikampigia Karim. Lakini kabla ya kumpigia nilikuwa nimeshatoa hukumu yangu. Mashine ya kusaga ikilia, unaweka mti kwenye bodi, upande mmoja sikioni, unasikia ugonjwa ulipo. Nikaweka mpini wa mwiko kwenye boksi, nikasikiliza, nikaapa kwamba ni feni.

"Bibi, ikilia hivyo kompyuta inakwama?" Karim akauliza.

"Haikwami. Ni feni, nakwambia."

"Sawa. Hebu bonyeza ubavu wa boksi kwa kiganja."

Nikabonyeza. Krrr ikamezwa. Nikaachia, ikarudi. Nikabonyeza tena, kimya.

"Basi si feni, Bibi yangu. Diski imelegea, inagonga bati. Juu ya hilo boksi mmeweka nini?"

Mimi na Mama Kabula tukatazamana.

Juu ya boksi kulikuwa na sabufa. Lile kubwa. Duka la nyimbo mji huu bila besi ya kutikisa bati la jirani halina mteja, na meza yetu ni ndogo. Aliyesema liwekwe pale ni mimi. Nilisema boksi ni chuma, litabeba. Tangu siku hiyo besi imekuwa ikiitikisa ile diski kutwa nzima.

"Bibi! Mmempigia mgonjwa ngoma utosini!" Karim alicheka, na nyuma yake nikasikia duka zima linacheka.

"Cheka umalize, halafu sema la kufanya."

Akasema. Tukazima, tukachomoa waya ukutani, na bisibisi nikamrudishia Mama Kabula, mkono wake ukiwa umeshatulia. Alipofungua, skrubu mbili za kushikilia diski zilikuwa zimelala chini ya boksi, na zilizobaki zinacheza kama meno yangu ya nyuma. Akazirudisha, akakaza zote. Sabufa tukalihamishia kwenye stuli, mlangoni.

Tukawasha.

Kimya. Mvumo mdogo tu, wa kitu kinachofanya kazi yake.

Karim ameonya kwamba diski iliyotikiswa hivyo isiaminiwe moja kwa moja. Tutaipeleka Shinyanga aipime, na akiona imeumia ataibadilisha. Sawa. Harusi ya watu sasa imelala sehemu mbili, haitegemei huruma ya mashine.

Jioni Mama Kabula ameniuliza, bado ameshika bisibisi: "Mama, kuna mtu wa Nyankumbu ana harusi mwezi ujao, ananitaka. Nimkubalie?"

"Unaniuliza mimi? Kamera ya nani?"

Akatoka nje kupiga simu. Sauti yake nimeisikia hadi jikoni, anapanga saa, anauliza ukumbi una taa za namna gani, anaongea kama mwenye mji.

Kesho anawapelekea watu wa Bulyanhulu harusi yao. Na kuanzia kesho, kadi hazifutwi mpaka mwenye harusi ameangalia video hadi mwisho. Hiyo ni amri ya nyumba hii, na Mama Kabula ni mtu wa nyumba hii. Ndugu zake wa Kahama wakisoma, wamsalimie tu.