Kabla Rehema Hajaanza Shule

Ijumaa, 2 Januari

Sketi za bluu tangu asubuhi. Kila Januari Songea nzima inakumbuka kwamba ina watoto. Novemba walikuwa wapi? Nimewaambia wateja: atakayekuja kunisimamia mlangoni, yake naiweka chini kabisa.

Ya Rehema nilishona ya kwanza. Marinda yamenyooka, pindo kubwa la kukulia. Mtaani kwetu Bombambili hakuna mtoto atakayevaa sketi kama ile. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine anisifu?

Bombani leo, kwenye foleni ya maji, mtoto wa jirani kamwambia Rehema kwamba mimi siye mama yake. Akaja kuniuliza. Nikamtuma ndoo. Jibu gani hilo, Veneranda?

Jumamosi, 3 Januari

Nayaandika yote niyazoee kabla ya kumwambia mtoto.

Somoe ndiye aliyemzaa Rehema. Alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha uani, binti mdogo kutoka kijiji cha Namasakata. Aliyempa mimba aliyeyuka. Mtoto alipoanza kukaa, Somoe akarudi kwao kumuuguza mama yake, akaniachia. Baadaye tulikwenda mahakamani pamoja, akakubali kwa kinywa chake, Rehema akawa wangu kisheria. Sikuwahi kuolewa wala sijajuta. Lakini huyu nisingekubali kumkosa.

Kila kwao wakiuza korosho, Somoe anakuja, anamsuka, anaondoka. Rehema anamwita mama mdogo. Uongo huo tuliutunga wote wawili.

Nimempigia leo. Atakuja Jumamosi ijayo, na Jumapili nikitoka misa tutamwambia mtoto pamoja, tukishakula kuku. Asiyasikie bombani.

Ninachoogopa ni kimoja. Akijua, atataka kwenda kwa aliyemzaa.

Jumanne, 6 Januari

Malaria. Baridi, kichwa, mdomo mchungu. Nilikuwa namwambia Somoe kwenye simu kwamba safari hii naumwa kweli, simu ikanitumbukia kwenye ndoo. Imezima kabisa. Fundi anasema niifukie kwenye mchele. Mchele wenyewe tumeshaula.

Alhamisi, 8 Januari

Homa imeshuka. Nimemnyoa Rehema. Chekechea walimwachia nywele zake, hii shule ya msingi haitaki hata unywele mmoja. Amelia kidogo, kisha akajipapasa na kucheka. Kichwa kizuri, cha mviringo. Somoe atanuna, kwa jinsi alivyozihangaikia zile nywele. Atazoea.

Ijumaa, 9 Januari

Sijui nicheke au nilie.

Nilikuwa uani nafua. Nikasikia kilio barazani, kilio cha msiba hasa. Nikajua kafa jirani. Kumbe nimekufa mimi.

Somoe alipiga simu wee, haipatikani. Hakungoja Jumamosi, kapanda basi. Kufika, anamkuta Rehema peke yake kizingitini, kipara. Huku kwetu mtoto aliyezoea nywele akinyolewa ghafla, watu huuliza kafiwa na nani, na Somoe ameishi nasi, anajua. Hakuuliza. Alijitupa chini.

"Innalillahi! Dada Vene wangu! Usilie mwanangu, mimi niliyekuzaa bado nipo!"

Nikatokea na povu mpaka viwikoni. Kuniona, akapiga yowe kubwa kuliko la kwanza. Majirani wamejaa. Wote wamesikia. Rehema kasikia.

Mpango wangu na kuku wangu, basi tena. Nina hasira. Lakini sijawahi kuliliwa vile na mtu yeyote, na hilo nalo naliandika.

Jumamosi, 10 Januari

Somoe anaona aibu, anataka kuondoka. Nimelifungia begi lake kabatini, ufunguo nimeuvaa shingoni. Tumelikoroga wote, tulinywe wote.

Jioni tumemkalisha katikati yetu. Mimi nimesema, Somoe akajazia. Hatukumficha kitu. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Namasakata kuna mbuzi. Wapo, tena wengi. Akachukua shuka lake, akaenda kulala na Somoe.

Wivu. Wivu mtupu. Nimejilalia peke yangu kitanda kizima.

Jumapili, 11 Januari

Kamuuliza Somoe mbele yangu: utanichukua? Mkono ukaniganda kwenye mwiko.

Ningeweza kujibu mimi. Nina majibu ya kila kitu, mtaa mzima unajua. Nikamwachia Somoe.

Somoe kamjibu kwamba kwao Rehema ni hapa, na Namasakata atakwenda likizo. Alikuwa kama anajikata nyama ya mwili wake mwenyewe na nilimwona. Nampenda huyu mwanamke. Sikujua kama nampenda kiasi hiki.

Rehema akatoka nje kucheza.

Jumanne, 13 Januari

Shule. Tumempeleka wote wawili, huyu mkono huu, yule mkono ule. Getini katuachia mikono, akaingia. Hakugeuka. Sketi imekaa vizuri mno.

Somoe kaondoka na basi la mchana. Kaanza kulia stendi. Nikamwambia anyamaze, watu watasema nimekufa tena. Tukacheka mpaka kondakta akatukaripia.

Jioni Rehema kanikalia mbali kidogo. Simlazimishi. Atakuja.

Jumamosi, 17 Januari

Mvua imekatika mchana. Simu mpya, ya bei ndogo, inapiga na kupokea tu, na sauti yake inasikika chumba kizima. Inatosha.

Rehema kaomba kwenda mto Ruhila na watoto wa jirani. Nimekataa, maji yamejaa. Akanitazama. Akachukua simu, akaniambia nimpigie mama wa Namasakata. Nikampigia. Nilijua anachokitafuta. Nikasimamisha cherehani nisikie vizuri.

Kamweleza yote, mto, wenzake, jua linavyowaka. Somoe akamwacha amalize.

"Mama yako amesemaje?"

Rehema akanitazama, kisha akatazama ukuta.

"Kakataa."

"Basi na mimi nimekataa."

Kaiweka simu mezani, akanuna. Baadaye akaja kuegemea mgongo wangu, bado kanuna, nami nikaendelea kushona polepole asije akatoka.