Mshono Unaoanzia Kisiginoni

Jumanne, 4 Machi

Darasa la kwanza. Nimerudi nimefura.

Chumba kiko juu ya duka la dawa. Viti vya watoto wa shule ya msingi, magoti yangu yamegota chini ya meza saa nzima na nusu. Tuko saba. Mwalimu ni msichana, ningeweza kumzaa. Kaanza na kuagiza kahawa. Vorrei un caffè. Mara ishirini! Kahawa yenyewe situmii, inanipandisha presha. Ukiletewa, kasema, yule anayekuletea atakwambia prego, yaani karibu, chukua. Halafu stesheni iko wapi. Dov'è la stazione. Dov'è hiki, dov'è kile. Nani ataniuliza mimi stesheni? Miaka kumi na tisa nashona viatu kiwanda kimoja. Nyumbani, kiwandani, nyumbani. Sijapotea hata siku moja.

Mwalimu kamuuliza kila mtu sababu ya kujifunza. Mmoja ana mchumba huko. Mwingine anataka kwenda kusoma. Mimi nimesema napenda lugha. Uongo mtupu. Sababu ni Marashi.

Marashi ndiye mwenye kiwanda. Jina tumempa sisi washonaji, maana harufu yake inamtangulia kwa dakika mbili. Lugha yetu anaijua vizuri tu, ya kutuamrisha. Ila akipigiwa simu na watu wa kwao, anakuja kusimama juu ya kichwa changu, anaokota kiatu nilichokimaliza sasa hivi, anakigeuza, anakisifia — sauti ya kusifia haihitaji mkalimani — na anaongea Kitaliano nusu saa kana kwamba mimi ni meza. Miaka kumi na tisa meza! Basi, meza imeingia darasani.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimejifunza kwamba kiti ni mwanamke na meza ni mwanamume. Nimeuliza kwa nini. Mwalimu kasema ndivyo ilivyo. Jibu gani hilo.

Na wana "wewe" mbili. Moja ya mtoto, rafiki na paka. Nyingine ya mtu unayemheshimu. Nikajua papo hapo mimi ningepewa ipi.

Nyumbani mume wangu kanikuta navikariri vitenzi mbele ya sufuria. Io sono, tu sei. Kauliza kama namlaani mtu. Nikamwambia bado, sijafika somo hilo.

Jumatatu, 10 Machi

Marashi amekuja tena na simu yake. Kaokota kiatu cha kahawia, kapitisha dole gumba kwenye mshono wangu.

Niuandike huu mshono, maana hakuna aliyewahi kuuandika. Kila mshonaji huanzia kwenye ncha ya kiatu, anazunguka, anafunga pale pale mbele. Mimi ni mashoto. Nikianzia mbele, mkono wangu unajikanyaga wenyewe. Miaka minne nilifumua na kushona upya, vidole vikivuja damu, mpaka nikaanzia kisiginoni, uzi mmoja sindano mbili, nikafungia ndani, pale wayo unapobonyea. Fundo linalalia kushoto. Halionekani na maji hayapiti. Niliwafundisha wenzangu wote kumi na wawili, na wasio mashoto walilia wiki ya kwanza. Kidosho, anayekaa meza ya pili, hadi leo hutukana kwanza ndipo aanze.

Basi leo Marashi, kidole kwenye fundo langu, alirudia kitu kimoja mara tatu. Mio nonno. Nimeandika kwa chaki kwenye kipande cha ngozi, nikakitia mfukoni.

Jumanne, 11 Machi

Somo la familia. Padre, madre, sorella. Mwalimu kachora mti ubaoni, juu kabisa kaandika nonno.

Babu.

Mio nonno. Babu yangu.

Babu yake amefuata nini kwenye kiatu changu? Sikusikia tena somo lililobaki.

Alhamisi, 13 Machi

Jana simu tena. Nimeandika kila nilichokishika kwenye ngozi ile ile, kwa tahajia yangu mbovu. Leo nimebaki baada ya darasa nikamwonyesha mwalimu kile kipande cha ngozi. Kakisoma, kakigeuza, kakisoma. Kasema: "Dada, hii ni kama... 'mshono huu aliubuni babu yangu'. Umeitoa wapi?"

Nikamwambia redioni.

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu, basi tatu zimenipita. Babu! Siku nautafuta huo mshono babu alikuwa wapi? Nani aliyekuwa ananiwekea dawa kwenye vidole, babu? Nina hasira hadi meno yananiuma.

Ijumaa, 14 Machi

Si maneno ya simuni tu. Kidosho alitumwa ofisini kupeleka sampuli, karudi macho yamemtoka. Mezani kuna kadi, mamia, zimetoka kuchapwa. Kaniletea moja ndani ya sidiria. Picha ya mzee ana masharubu, kashika kiatu. Mkono wa kulia, nimeangalia. Chini maandishi, na nonno yumo, sasa namtambua hata usingizini. Wiki ijayo anakuja mgeni, mnunuzi mkubwa. Akikubali, kadi hiyo inaingia kila boksi. Mzee wa masharubu atasafiri dunia nzima na mshono wangu, na mimi nikija kusema ni wangu, nitaonekana mwizi.

Kidosho kasema tugome. Nimemwambia angoje. Nataka kuongea kwanza. Nataka anisikie kwa lugha aliyoniibia nayo.

Jumapili, 16 Machi

Nimegombana na mume wangu. Kasema niache, kazi ni kazi, mshono si mtoto. Nikamuuliza yeye miaka minne ile nilikuwa naamka na nani alfajiri, kama si mshono. Baadaye kachukua daftari langu, akaanza kuniuliza maswali kama mwalimu, anasoma vibaya mpaka nikacheka. Nimemchukia kwa kunichekesha. Nilikuwa nimeipanga hasira yangu vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia mwalimu ukweli. Nimemwambia sitaki kahawa wala stesheni, nataka sentensi mbili tu. Kaogopa, nimeona. Kauliza kama nikifukuzwa itakuwaje. Nikasema hilo aniachie mimi. Kaniandikia:

Questa cucitura è mia. L'ho inventata io.

Mshono huu ni wangu. Nimeubuni mimi.

Tumerudia mpaka mlinzi kaja kufunga. Mwalimu kasema nisikimbie, nipumue katikati. Kwaheri yake leo haikuwa ya siku zote, kanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Alhamisi, 20 Machi

Mgeni ni kesho. Tumesugua sakafu, tumevalishwa aproni mpya. Marashi kapita kutuagiza tutabasamu na tusiongee. Darasani sikwenda. L'ho inventata io. L'ho inventata io. Nimeisema bafuni, nimeisema jikoni. Mume wangu naye sasa anaijua.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika hapa hapa kiwandani, saa nne na nusu asubuhi, nimesimama, daftari juu ya rafu ya kalibu za viatu. Sina kingine cha kufanya. Kiti changu kimekaliwa.

Mgeni ni mama mfupi, mtu mzima, miwani inaning'inia kwa kamba. Hakwenda ofisini. Kaja moja kwa moja mezani kwangu, kachukua kiatu, kavaa miwani, kaingiza kidole ndani pale kwenye fundo. Kakaa nalo muda mrefu. Marashi akaanza. Mio nonno hivi, mio nonno vile, na kadi akaitoa.

Nikasimama. Sauti ilitoka nyembamba, si ile ya bafuni. Lakini sentensi zote mbili zilitoka, na nilipumua katikati.

Hakuna aliyepiga nyundo tena.

Mgeni kanigeukia akaniuliza kitu, harakaharaka, kirefu. Sikuelewa. Hata neno! Kadiri alivyoongea ndivyo uso ulivyoniwaka, na Marashi akaliona hilo. Kacheka kidogo, akamweleza mgeni jambo, kisha kaniambia kwa lugha yetu, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: "Kaa chini, mama. Tutaongea baadaye." Mama! Leo ndiyo nimekuwa mama.

Nikataka kulia, kwa hasira. Niliinua mkono wangu wa kushoto, huo tu, vidole vyote na makovu yake, nikamwonyesha mgeni.

Kautazama. Kaitazama kadi, yule mzee na mkono wake wa kulia. Hakucheka. Kachukua kiatu kisichoshonwa, kaweka na sindano zangu mbili na uzi, kavisukuma mbele ya Marashi. Kasema taratibu, mpaka nami nikaelewa: "Prego. Come suo nonno."

Karibu. Kama babu yako. Na ile "wewe" ya heshima, nimeisikia.

Sasa ni nusu saa. Marashi kakaa kwenye kiti changu, nilikikata miguu kinitoshe vizuri, kwa hiyo magoti yake yako karibu na masikio. Kaanzia kwenye ncha. Kwa mkono wa kulia. Uzi umekatika mara mbili. Jasho limeshinda marashi. Kidosho anauma aproni yake asicheke. Mgeni kavuta kigoda, kakaa, mikono mapajani, hana haraka.

Uzi umekatika tena. Mara ya tatu. Hajaupaka nta, huwezi kuvuta uzi mkavu kwenye ngozi nene, hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua. Anapekua meza yangu. Ananyanyua vikopo. Donge la nta liko mfukoni mwa aproni yangu, mkono wangu wa kushoto uko juu yake na wa kulia unaandika vibaya hivi.

Amenigeukia. Ameuliza kwa sauti ndogo, kwa Kitaliano. Mimi, ameniuliza mimi! Dov'è, kisha neno nisilolijua.

Dov'è naijua, iko wapi. Mgeni ananitazama. Wote wananitazama, na bado naandika, mkono wa kushoto juu ya nta.