Mama Alikaa Nyuma

Nyumbani,
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa kaka,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa hiyo baridi yenu? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tupo, tunapumua. Baba anakula nikimkalia kooni. Mimi nimerudi saluni, ingawa wateja wananipa pole mpaka natamani kuwafukuza.

Tangu tumzike Mama hujaniuliza ilikuwaje, na mimi kwenye simu nilishindwa kusema. Ulichouliza ni gari lipi tuuze, maana mawili hatuyawezi, ukataka nikulinganishie bila upendeleo. Haya, nakulinganishia.

La zamani unalijua. Viti vya ngozi, mbao za kung'aa pale mbele, mlango unaojifunga taratibu kama mtu mwenye adabu zake. Linakunywa mafuta vibaya sana, na spea zake fundi anazitafuta mpaka anakoma. Baba alilinunua kwa mkurugenzi wake, baada ya kuwa dereva wake miaka yote ile, na siku ya kwanza Mama alipotaka kupanda nyuma alimkatalia. "Huko wanakaa mabosi. Wewe njoo hapa karibu yangu tupige soga." Mama hakukaa kwingine tena. Aliliita mke mwenzake, lakini alilipangusa vumbi kuliko kabati lake la vyombo.

Vani uliyotutumia ni mpya, mafuta inaonja tu, wala haisumbui. Kiti cha magurudumu kilipanda kwa ubao bila mtu kumbeba Mama. Baada ya kile kiharusi, kuinama kuingia kwenye gari la zamani kulikuwa kunamliza kila safari. Kwa hiyo usijilaumu, kaka, nakuomba sana. Vani ina kasoro moja tu, kiti cha magurudumu kinafungwa nyuma.

Siku ile walikuwa wanarudi kwenye mazoezi ya viungo. Njiani Mama akanyamaza. Baba naye akanyamaza, maana ndivyo kazi ilivyomfunza: dereva hamsemeshi aliyekaa nyuma mpaka asemeshwe. Akadhani amesinzia. Akawa anapunguza mwendo kwenye matuta asimwamshe. Mimi ndiye niliyefungua mlango ili nimteremshe, na mkono wake nilioushika ulikuwa wa baridi.

"Angekuwa mbele ningejua," Baba alisema, na hajasema mengi tangu hapo. Kutwa yuko uani na gari lake la zamani. Anafungua mlango wa abiria, anaufunga polepole, anazunguka kwenda kukaa kwenye usukani. Betri yenyewe imekufa. Nikimwona moyo unanichanika, kaka, sikufichi.

Basi mimi nilishaamua vani ndiyo iende. Hata kuitazama nilikuwa siwezi. Ila juzi nilimpeleka Baba kupima presha, na hatuna lingine linalowaka. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akanipita, akaenda kuketi nyuma, palepale. Safari nzima kimya. Tulipokaribia nyumbani ndipo akafungua kinywa.

"Huku barabara huioni kabisa."

"Unaona nini, Baba?"

"Kisogo cha dereva, basi. Kumbe alikuwa ananiangalia mimi."

Nilisimamisha gari pembeni, tukalia wote wawili, mimi mbele na yeye nyuma.

Sasa uamuzi ni wake. Vani tusiiguse, anataka kuendelea kupanda. La zamani liuzwe, ila auziwe mtu mwenye mke, tena mke anayependa soga. Usicheke, nimeshamweleza dalali hivyo hivyo, naye amekubali bila kubisha.

Shangazi anakusalimu, na jirani yetu seremala pia. Wabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko, na atupe siku ya kuonana tukiwa wazima.

Na ukiwa unaendesha, kaka, msemeshe wifi, hasa akinyamaza.

Dada yako akupendaye,
Kitinda mimba wenu