Hoteli Ninayoisimulia Kila Jioni

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mdomo wangu umeniponza. Mimi ni kinyozi, mtu wa makamo, kichwa changu chenyewe ni kipara hata wateja hunitania kwamba nimekula mtaji, kwa hiyo cheka kidogo kwanza ndipo unikasirikie. Mke wangu kisukari kilimnyang'anya macho, na anachokililia zaidi, ukiacha nyuso za watoto, ni ile hoteli ndogo kando ya ziwa tulikokwenda kila likizo tangu ujana wetu, milango yake haifunguki mpaka uinyanyue, mpishi anatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani kabakiza samaki, na mke wangu barazani, miguu kainyoosha, ananiambia, "Mume wangu, mimi nitazeekea hapahapa."

Basi mwaka jana nikapita huko peke yangu, nikakuta uzio wa mabati na ghorofa zinapanda, baraza hakuna, jiko hakuna. Nilirudi nyumbani, mke wangu akauliza, "Umepita kwetu? Pakoje?" nami nikajibu, "Pako vilevile." Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana tangu siku hiyo kila jioni tukinywa chai anataka nimsimulie, nami nasimulia, nimeshapaka milango rangi, nimeajiri mhudumu mvivu, juzi nimemfanya mpishi aangushe sinia zima la samaki, na mke wangu akacheka mpaka akapaliwa, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu macho yapotee.

Sasa anataka twende Jumamosi, dada yake ameshampangia nguo. Nimewaza nimpeleke hoteli nyingine ng'ambo ya ziwa, maji si yaleyale? Nikamtafuta yule mpishi, siku hizi anakaanga chipsi stendi, nikamwomba aje japo asalimie ili mambo yafanane. Akanitazama kama nimemletea samaki aliyeoza.

"Kupika nitapika, bwana kinyozi. Ila shemeji akiniuliza jiko langu liko wapi, nitamwambia lilivunjwa nikiliangalia."

Mshauri, nikisema ukweli nitakuwa nimeizima taa pekee aliyobaki nayo. Nifanyeje?

Kinyozi Kipara

JIBU

Ndugu yangu kinyozi, nimecheka kama ulivyoniruhusu, halafu nikaacha. Mkeo amepoteza macho, hakupoteza akili. Mlango wa kwanza utakaofunguka bila kunyanyuliwa utakuumbua, naye atakuwa ugenini, hajui alipokanyaga, na mkono pekee wa kushika ni wako wewe uliyemdanganya. Hilo umelifikiria?

Halafu tuambiane. Unadai unamlinda yeye, mimi naona unajilinda wewe. Ulipoyaona yale mabati ulitakiwa urudi nyumbani ulie na mkeo. Badala yake umeijenga upya hoteli kwa mdomo, bila kibali cha yeyote, ukapata na mwenzio wa kukaa naye humo. Nakuonea huruma, kweli. Hata mimi kuna mgahawa wangu umegeuzwa maegesho ya magari, nikipita pale nageuza shingo upande wa pili. Lakini wewe una msiba wa watu wawili, na mmoja umemficha maiti.

Acha habari za ng'ambo ya ziwa. Mwambie kesho, nyumbani, mchana, redio imezimwa. Anza na lililobomolewa, usianze na "nilitaka kukufurahisha," hiyo ni ya kujipaka mafuta. Atakasirika, kubali kukasirikiwa. Huenda siku kadhaa chai ukainywa peke yako. Inywe. Asipotaka kusikia simulizi yako tena, ni haki yake, na kile kicheko huenda kisirudi. Sitakudanganya, umeshadanganya vya kututosha sote.

Akisema bado anataka kwenda, mpeleke palepale, ashike mabati kwa mkono wake, umweleze kilichopo bila kumwongezea hata dirisha moja. Mpishi naye mwombe aje, amekwisha kukuonyesha kwamba yeye hasemi uongo. Na mkeo akilia, usimwambie anyamaze. Atakuwa anapaaga mahali pale, jambo ulilomnyima mwaka mzima.

Kesho funga saluni mapema, uende ukaseme.