Daftari Lililosomwa Paredini

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kwa maana nina hasira na pia nina aibu. Rafiki yangu Kagure, ambaye hulala kitanda cha juu nami cha chini katika bweni letu hapa Ruring'u, alianza muhula uliopita kuamini kwamba wasichana wanamsengenya na kwamba mtu anamtilia sumu katika githeri, akawa hali chakula, basi muuguzi wa hospitali, Sista Karwitha, akampangia mazungumzo ya mara sita, kila Jumatano, bila sindano wala vidonge. Alimpa daftari aandike anachoogopa, achunguze, kisha aandike alichoona. Tulibadilishana sahani siku tatu, na Kagure akaandika, "Wachuka hakuugua." Siku hiyo alikula, akacheka, akasema, "Ungekufa ningerithi blanketi lako."

Zilibaki Jumatano mbili. Matroni akaniuliza Kagure huandika nini, nami, kwa kuwa tumefunzwa tusimfiche mkubwa jambo, nikamwonyesha daftari chini ya godoro, naye akalisoma paredini mbele ya shule nzima, "Sikilizeni huyu anavyowashtaki wenzake," na sasa wasichana wanamsengenya kweli, naye hali tena, amekataa kurudi kwa Sista, na baba yake asema kuongea si dawa.

Kagure ameniuliza, "Wachuka, nani alimwambia matroni?" Nikajibu sijui. Nikimwambia ukweli, si nitamwongezea ugonjwa?

Wachuka, Kidato cha Tatu

Binti yangu,

Majina nimeyabadilisha, kwa sababu siri za rafiki yako zimeshasomewa watu vya kutosha. Matroni wenu amenikasirisha sana. Mgonjwa wa kifua hasomewi kadi yake paredini. Lakini usijifiche nyuma yake. Ile "sijui" ni yako. Msichana anayehofu kudanganywa, wewe umemdanganya, na akijigundulia mwenyewe hatamwamini Sista wala sahani yoyote.

Mwambie leo, kabla ya kengele ya chakula, mkiwa wawili tu. Usitangulize machozi ili akuonee huruma. Sema, "Ni mimi. Nilikosa." Akikasirika, vumilia, hasira hiyo si ugonjwa. Mwandikie Sista yote yaliyotokea, aongee na baba yake, na mzee aambiwe ni siku ngapi binti yake alikuwa amerudia kula. Jumatano omba ruhusa umsindikize.

Mtafutie daftari jipya. Mstari wa kwanza aandike mwenyewe: nilishuku, nikauliza, nikaambiwa kweli.